Neno Alilolifuata Kwala

Waliomkuta kazini watakwambia kwanza habari ya kusimama kwake. Mkalimani hakuwa mrefu, lakini akisimama kati ya kizimba na meza ya Bwana Shauri, mzungu wa boma aliyeamua kesi, ungeapa kwamba ameongezewa kimo asubuhi ile. Mikono nyuma, tarbushi imenyooka, kanzu imepigwa pasi ya mkaa mpaka imekakamaa, na koti jeusi juu ya kanzu hata jua liwe kali namna gani. Hakumtazama mzungu, hakumtazama mshitakiwa. Alitazama dirisha lililokuwa katikati yao, akawapa kila mmoja shavu lake. Nilipomwuliza siku moja kwa nini dirisha, alinijibu, "Nikimtazama mmoja nitakuwa wake."

Sitaanza na alizaliwa wapi na nani alimzaa nani. Hayo wanayo wenyewe wa ukoo wake, na wanayasimulia vizuri kuliko mimi, tena kwa kelele. Mimi nilimjua kwa ujirani. Nyumba yetu na yake pale Kisarawe zilitenganishwa na uchochoro ambao kuku wawili walipishana kwa taabu. Mume wangu alikuwa seremala, mimi nilisuka mikeka barazani kwangu, na kwa miaka mingi nilimwona Mkalimani akitoka asubuhi kwenda bomani na kurudi alasiri. Nilimjua pia kwa jambo jingine, kubwa zaidi, ambalo lilitangulia ujirani. Nitalifikia. Namwita Mkalimani kwa sababu ndivyo alivyopenda kuitwa, na hata mkewe alimwita hivyo mbele za watu.

Alikuwa na maringo. Sioni haya kulisema, maana aliyastahili. Wakalimani wengine wa wakati ule wa Mwingereza walikuwa wapunguzaji. Mtu anasimama kizimbani anamwaga maneno tangu asubuhi, mkalimani anamgeukia mzungu na kumpa maneno matatu, basi, kesi imekwisha. Yeye alipeleka yote. Palikuwa na shauri la mpaka wa shamba la mihogo, mama wawili wa Maneromango, wakatukanana mbele ya meza mpaka karani akaacha kuandika. Bwana Shauri akauliza wanasema nini. Mkalimani akalitazama dirisha lake, akatukana kwa Kiingereza, tusi kwa tusi, kwa mpangilio uleule, kwa sauti ya upole kabisa. Mzungu akawa mwekundu mpaka masikioni. Akamwambia inatosha.

"Bado, Bwana," akasema Mkalimani. "Mama wa pili hajasikika."

Mji mzima ulicheka wiki nzima. Yeye hakucheka. Alishangaa kwamba watu wanaona hilo ni jambo la kuchekesha.

Kuna habari ya jogoo pia, na hiyo niliiona kwa macho yangu. Mtu mmoja aliyekuwa na kesi alimfungia jogoo mzuri mlangoni kwa Mkalimani alfajiri, akaondoka kimyakimya, kama walivyozoea kuwafanyia wengine. Tuliamka tukamkuta anawika. Mkewe akaanza kuchemsha maji. Mkalimani akatoka na koti lake, akamfungua yule jogoo, akamkwapa, akaenda naye bomani kwa miguu, njia nzima watu wanamwamkia na jogoo anawajibu. Baraza lilipofunguliwa akasimama mahali pake na jogoo mkononi, akauliza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, kisha kwa Kizaramo ili asiwepo wa kusema hakusikia, ni nani aliyempoteza ndege huyu. Hakuna aliyejibu. Jogoo akalelewa bomani mpaka akafa kwa uzee. Mkewe hakumsamehe, kwa sababu maji yalikuwa yameshachemka.

Huyo mkewe alikuwa mtani wangu mkubwa na shahidi wa upande wake wa pili. "Mnamsifu nyie," alikuwa akiniambia, "maneno yake yote kayaacha boma. Huku nyumbani napewa 'ee' na 'hapana'." Ilikuwa kweli. Ukiwasikiliza kupitia ukuta, mke alisema kuanzia magharibi mpaka wakati wa kulala na mume aliitikia. Ukimwomba asuluhishe ugomvi wa majirani alikataa, anasema yeye hasuluhishi, yeye huvusha tu. Na mtu huyohuyo aliyemwambia Bwana Shauri "bado" alikuwa na woga mmoja ambao watoto wa mtaa waliujua: hakuliamini jiko. Mkewe akishazima moto, lazima ainuke akalitazame. Atatoka, atafika kwenye mwembe wa seremala, yaani mlangoni kwetu, atasimama, atarudi. Utamsikia anachokoa majivu kwa kijiti. Wakati mwingine alirudi akiwa ameshafika karibu na boma, na karani akamsubiri. Mkewe alilia kwa kicheko na kwa hasira. "Mkalimani, jiko halisemi Kiingereza. Limezima!" Alichokoa tu.

Mimi peke yangu ndimi niliyedhani najua kwa nini, na hata mimi sikujua sawasawa.

Ulimi wake ulifunguka jioni, kahawa ilipofika barazani. Wenzake walitaka habari za mvua na bei ya kopra. Yeye alitaka maneno. Aliyapima kama muuza duka anavyopima sukari, na walionunua hawakufurahi sikuzote. Kikao ninachokikumbuka zaidi ni cha siku alipobishana na mwalimu wa madrasa juu ya hali ile ya mtu kukosa raha moyoni bila kuona sababu.

"Hofu ina mwenyewe," alisema. "Unaogopa chui, unaogopa askari, unaogopa njaa. Ukiulizwa waogopa nini, unaonyesha kwa kidole. Na shaka ina mtu wake, unamshuku fulani."

"Basi sema wasiwasi," akasema mwalimu. "Si ndio huo?"

"Wasiwasi unausoma mwenyewe katika sura ya mwisho ya msahafu, Mwalimu. Ni mnong'ono, na mnong'onaji ametajwa. Nikimwambia mzungu mtu huyu alikuwa na wasiwasi, nimemwambia shetani alikuja akamnong'oneza sikioni?"

"Ah! Mzungu ayajulie wapi hayo?"

"Mimi ninayajua," akasema Mkalimani, na akanywa kahawa yake.

Wakamwuliza kama ni dhiki. Akasema dhiki asili yake ni kubanwa, mahali pembamba pasipogeuka mtu, na Wazungu nao wana neno lao la namna hiyo ambalo huko lilikotoka maana yake ni kukabwa koo. Akajishika shingo kutuonyesha, macho yamemtoka, watoto wakafurahi sana. "Lakini huyo ameshakabwa," akasema. "Mimi nasema juu ya yule ambaye hajaguswa na kitu."

"Na huyo je?"

"Huyo neno lake nililifuata Kwala."

Barazani waliijua hadithi hiyo kwa moyo, na walimwachia aisimulie tena. Mimi kila mara niliinamisha kichwa kwenye ukili wangu nisionekane uso. Sasa nimefika kwenye lile jambo.

Ilikuwa miaka kadhaa kabla ya vita vya pili, katika kijiji kimoja njia ya Maneromango, mwisho wa kiangazi, watu wakichoma mashamba kungojea mvua. Katika nyumba moja palikuwa na mwali. Kwa asiye wa kwetu nieleze kidogo, kile kinachoelezeka. Msichana wa Kizaramo akivunja ungo alitiwa ndani, na ndani maana yake ndani. Halioni jua, haonwi na mwanamume, hata baba yake mzazi. Anakaa na mwana hiti, kijiti kilichochongwa kichwa na kiwiliwili, anamlea na kumpaka mafuta kama mtoto wake. Anatunzwa na shangazi yake mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Kabla ya siku hiyo hatolewi. Nyumba ikivuja, paa linazibwa mwali akiwa ndani. Msiba ukitokea, watu wanakwenda kulia na mwali anabaki ndani na shangazi yake.

Siku hiyo palikuwa na msiba kijiji cha pili, na wenye nyumba walikuwa wamekwenda. Jua lilipokuwa linazama, shangazi alimtoa mwali. Alimfunika kaniki na mkeka, akampitisha katikati ya mihogo, akavuka naye bonde mpaka kwa bibi mmoja mzee. Usiku uleule nyumba ikaungua, na ghala la mpunga, na mbuzi, pasibaki hata nguzo.

Mgeni angesema, alhamdulillahi, mtoto amepona. Watu wa kwetu hawakusema hivyo. Walisema: nani amewahi kusikia mwali anatolewa hivihivi? Mwanamke mwenye akili zake, kungwi tena, hawezi kuivunja miiko kwa kitu kidogo. Basi alijua. Na akijua kwamba nyumba itaungua, aliyeiwasha ni nani? Ilikuwa ni mila yenyewe iliyomshitaki. Wakakumbuka kwamba yeye na kaka yake walikuwa hawasemezani, kwa sababu kaka alitaka kumwoza mwali kwa mchuuzi mmoja mtu mzima na yeye shangazi alikataa katakata. Kaka akaenda kwa jumbe, jumbe akapeleka bomani.

Mwali huyo ni mimi. Aliyeshitaki ni baba yangu, na aliyepandishwa kizimbani ni shangazi yangu.

Yaliyotokea huko sikuyaona, nilikuwa ndani kwa yule bibi. Nayaandika kama shangazi alivyonisimulia, na kama tarishi wa boma alivyoyasimulia kwa kila aliyetaka kusikia. Bwana Shauri alikuwa mgeni, Kiswahili chake cha kuombea maji tu. Akauliza kwa nini alimtoa mtoto. Shangazi akajibu, "Moyo haukunipa kumwacha."

"Uliogopa nini?"

"Sikuogopa."

"Ulimshuku mtu?"

"Sikumshuku mtu."

"Basi ulijua."

"Sikujua, Bwana. Moyo haukunipa."

Bwana Shauri akasema aliyekuwapo ni yule mtoto, basi aletwe mtoto aseme aliyoyaona. Shangazi akakataa. Akaambiwa atafungwa, na kwamba kwa kosa la kuchoma nyumba mtu hafungwi mwezi mmoja, anapelekwa Dar es Salaam na huenda asirudi ana nguvu. Akasema, "Nilimtoa mara moja. Simtoi tena." Na juu ya mambo ya ndani hakueleza hata neno moja, kwa sababu baraza lilijaa wanaume.

Hapo ndipo Mkalimani, aliyepeleka kila kitu, alipokaa kimya. Tarishi alisema ilikuwa mara ya kwanza boma kusikia nzi wake. Bwana Shauri akamwambia, "Amesema nini? Aliogopa?"

"Amesema hakuogopa, Bwana."

"Basi alishuku."

"Amesema hakushuku. Bwana, neno lake ninalo kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza sina. Nikikupa jingine utaliandika, na likishaandikwa litamfunga."

Bwana Shauri akakasirika, akampa muda mpaka baraza la wiki ile nyingine. Shangazi akarudishwa mahabusu. Mimi nikabaki kwa bibi wa watu, mwali asiye na wa kumtoa, nikisikia wanawake wananong'ona nje ya ukuta kwamba mtoto huyu sasa ana mkosi nani atamtaka. Nilimpaka mafuta mwana hiti mpaka akateleza mikononi. Nililia, nasema wazi, wala si kwa ajili ya mkosi. Nililia kwa kuwa kilichokuwa kinaulizwa huko mimi nilikijua, na sikuwa na ruhusa ya kuonekana.

Mkalimani alikwenda kwanza misheni Maneromango, kwa mwalimu mmoja aliyesifika kwa Kiingereza. Mwalimu akampa neno la kushuku. Akalikataa. Akampa la woga. Akamshukuru akaondoka. Ndipo aliposikia kwamba huko Kwala, kwenye shamba la mkonge, meneja mzungu amemleta mama yake mzazi kutoka Ulaya, ajuza, anafuga bata, na anazungumza na kila mtu, aeleweke asieleweke. Mkalimani akapanda baiskeli mpaka stesheni ya Pugu, akapanda gari moshi daraja la tatu mpaka Ruvu, na toka hapo akatembea, na koti lake jeusi, katika jua lile.

Alimkuta ajuza anawamwagia bata pumba. Akavua kofia, akamwamkia, akamwuliza bila kuzunguka. "Mama, huko kwenu, mwanamke yuko mlangoni, anataka kumwacha mtoto ndani ya nyumba. Hakuna nyoka, hakuna mwizi, hakuna lolote. Lakini mwili wake unakataa. Mnasemaje?"

Anasema yule mama aliacha bata wakazozana. Akasema neno moja: misgiving. Nimejifunza kulitamka kwa ajili ya Mkalimani, na wajukuu wangu wanaosoma shule wananicheka.

Mtu mwingine angeshukuru akawahi gari moshi. Yeye hakubeba neno asilolijua kwao. Akamwuliza linatoka wapi. Ajuza akamwambia kwamba zamani, zamani za mabibi wa mabibi zao, Waingereza walisema moyo humpa mtu. Moyo umenipa kwamba mgeni atakuja. Moyo umenipa kwamba mvua itanyesha. Na ukimpa mtu vibaya, ukimpa kitu kisichokaa sawa na usimwambie ni nini, ndipo neno hilo. Siku hizi, akasema, watu wanalitumia ovyo, hata kwa farasi wanayesita kumnunua. Lakini mama yake yeye alilisema hivyohivyo, mkono kifuani.

"Nilikaa chini," Mkalimani alikuwa akitusimulia. "Mbele ya mzungu, bila kuambiwa kaa, na koti langu juu ya mavi ya bata. Nikasema, Mungu mkubwa! Kwao moyo unampa mtu, na kwetu moyo unampa mtu, na mimi nimekaa katikati miaka yote hii sijui!"

Baraza lilipofunguliwa, akasimama mahali pake, akatazama dirisha, akayapeleka maneno ya shangazi yangu kama yalivyokuwa. Tarishi anasema Bwana Shauri aliiweka kalamu chini. Akamwuliza, "Nani amekupa neno hilo?"

"Mshitakiwa, Bwana," akasema Mkalimani.

Mpaka leo nikilifikia jibu hilo kifua kinanijaa. Angeweza kusema amesafiri, ametafuta, amechoka. Alimpa shangazi yangu neno lake, mbele ya watu wote.

Bwana Shauri akamtazama shangazi, na wanasema hiyo ndiyo mara ya kwanza aliyomtazama kama mtu. Akauliza kama yupo aliyemwona na moto mkononi. Hayupo. Akauliza kama siku ile mashamba yalikuwa yanachomwa. Yalikuwa yanachomwa pande zote, na upepo ulikuwapo. Akamwachia. Baba yangu aliona haya kwa muda mrefu, na yule mchuuzi hakutajwa tena nyumbani kwetu. Siku yangu ilipofika nikatolewa kwa ngoma kubwa, nimebebwa mabegani, na aliyetangulia mbele akicheza ni shangazi. Wanawake walipiga vigelegele mpaka mbwa wakakimbia.

Miaka ikapita, nikaolewa Kisarawe, nikajikuta ukuta kwa ukuta na yeye. Hakujua mimi ni nani mpaka shangazi alipokuja kunitembelea. Mkalimani alikuwa barazani kwake, na hakuwa mtu wa kumwinukia mtu. Alipomwona aliinuka, akaleta kiti chake mwenyewe, akasimama pembeni. Wakaulizana hali, na wa nyumbani, na mvua za huko. Juu ya kesi hawakugusa kabisa. Toka siku hiyo akaniita Mwali, hata nilipokuwa na watoto wanne, mbele ya mume wangu, na mume wangu akacheka.

Lakini palikuwa na kitu. Mara nyingi alinisogelea nikisuka, akaanza, "Siku ile, Mwali..." kisha akakohoa, akaniuliza bei ya mkeka. Nilijua anataka kuuliza nini, na sikumsaidia. Yale ni mambo ya ndani. Mwanamume haulizi, na mwanamke haambii.

Alipostaafu alihamia Pangani, hii yetu ya Kibaha, akalima mihogo na mipapai na kulalamikia Kiingereza cha makarani vijana. Shangazi yangu alifariki mwaka uliofuata. Kisha nikapata habari kwamba Mkalimani hatoki tena nje ya ua wake. Wakati huo vijana walikuwa wameanza kuzungumza waziwazi juu ya kujitawala, na kadi za chama mfukoni. Nilifunga mkeka mpya, nikaenda.

Nilimkuta barazani juu ya kitanda cha kamba, amekonda, shingo imebaki mishipa.

"Shikamoo, Mkalimani."

"Marahaba, Mwali. Umeniletea mkeka wa kuzikiwa?"

"Wa kukalia. Wa kuzikiwa utanunua mwenyewe, mimi sikukopeshi."

Alicheka mpaka akakohoa. Mkewe akatuletea chai, akarudi jikoni uani. Tukaongea mambo ya watu, na ya kujitawala. Akasema ni vizuri, ila angependa kujua watawala wapya watapeleka maneno yote au watapunguza. Akaweka mkono kifuani.

"Mwali. Shangazi yako ametangulia, mimi niko njiani. Nilipeleka neno zito kwa Bwana Shauri. Alilisema yeye, nikalipeleka. Lakini nyumba iliungua kweli. Kila nikiona jiko limezimwa, kitu kinaniuliza: na kama alijua?"

Nilikasirika. Nilitaka kuinuka na mkeka wangu. Mtu aliyemtoa shangazi yangu kifungoni, na yeye alikuwa na hilo moyoni muda wote huu? Kisha nikamtazama vizuri, nikaona kwamba hakumshuku. Angemshuku, angelala usingizi, maana shaka ina mtu wake. Moyo ulikuwa umempa kitu kisichokaa sawa, akakibeba peke yake toka boma la Kisarawe mpaka Pangani, akikichokoa kwa kijiti.

"Mimi sasa ni kungwi," nikamwambia. "Najua cha kusema na cha kuacha. Na wewe umeshakuwa babu yangu. Niulize."

"Ngoja," akasema.

Akaagiza koti. Akaagiza tarbushi. Mkewe alipinga, akashindwa. Tukamsaidia kusimama, na aliposimama akatusukuma tumwachie. Mikono nyuma. Hapakuwa na dirisha, akatafuta, akaona uwazi kati ya mipapai miwili, akautazama huo.

"Shahidi aseme."

Nikasimama na mimi. Nikasema, "Shangazi aliingia na chungu cha uji." Akayapeleka maneno yale kwa Kiingereza, polepole, kwa sauti ya upole, kwenye uwazi wa mipapai. Akangoja.

"Aliinama akitue, hakukitua. Akainuka. Akainama tena. Alitazama paa, akanitazama mimi. Hapakuwa na kitu."

Akapeleka.

"Uji ulimwagika miguuni kwake, wa moto, wala hakusogea. Nikamwuliza, shangazi, kuna nini? Akasema, sijui. Simama."

Akapeleka. Sauti ilikuwa inamkauka, lakini hakuruka neno.

"Jiko alilizima mwenyewe kwa maji kabla hatujatoka. Nililisikia linavyolia. Nilichukua mwana hiti wangu. Yeye hakuchukua chochote. Na ndani aliacha kitu ambacho kungwi hawezi kukichoma, hata kama angetaka kuchoma dunia nzima. Alikirithi kwa bibi yake, na kiliungua. Kitu hicho sitakutajia."

Hapo Mkalimani alisita. Nikafikiri amechoka. Kisha akanyoosha tarbushi, akapeleka na hilo, kwamba kipo kitu, na kwamba shahidi hatakitaja. Alilipeleka zima, kama alivyopeleka yote.

"Shahidi ana la kuongeza?"

"Sina."

Alibaki amesimama, midomo inatembea. Nikalisikia lile neno la Kwala, kwa Kiingereza chake kilichonyooka. Halafu akanigeukia, akanitazama usoni. Siku zote alizosimama bomani hakuwahi kumtazama shahidi.

"Basi nililifikisha salama," akasema, akakaa.

Mkewe akapiga kelele kutoka uani, kama alivyozoea miaka yote, "Mkalimani! Jiko nimeshalizima, njoo ulikague!"

"Ee," akajibu, na akaomba nimwongezee chai.